Bolti imegoma: uanze na mafuta, moto, impakti au drili?

Spana ikiteleza kwa mara ya kwanza kwenye kichwa cha bolti, itoe uiweke chini. Pembe za kichwa bado zipo, zimechubuka tu, na karibu njia zote za kuifungua bado ziko mikononi mwako. Ikiteleza mara ya tatu, nusu ya njia hizo zimeshakwenda. Kichwa kikikatika zinabaki mbili au tatu, na kila moja inaweza kuharibu kitu chenye thamani kuliko bolti yenyewe: silinda hedi, kalipa, au habu ya tairi.

Kwa hiyo ninapolinganisha njia hizi siulizi ipi ina nguvu zaidi. Nguvu haikosekani. Mtu mwenye bomba la mita moja juu ya mpini wa soketi anaweza kukata bolti nyingi tu za gari dogo. Ninachouliza ni hiki: njia hii ikishindwa, itaniachia nini cha kufanyia kazi? Mafuta yakishindwa yanakuachia bolti ileile, nzima, ila imelowa. Mpini mrefu ukishindwa unakuachia kisiki ndani ya tundu. Ekstrakta, kifaa cha kuchomolea bolti iliyokatika, ikivunjikia ndani inakuachia chuma ambacho biti za kawaida za drili haziwezi hata kukikwaruza. Kila njia hula sehemu ya akiba ya njia inayoifuata, na hicho ndicho kipimo nilichotumia hapa.

Nini kinaishika?

Bolti mbili zinaweza kugoma kwa ukaidi uleule kwa sababu tofauti kabisa, na njia inayoifungua moja ikaivunja nyingine.

Sababu ya kawaida ni kutu. Chuma kikigeuka kutu kinataka nafasi mara mbili na zaidi ya ile kilichokuwa nayo, na katikati ya thredi nafasi hiyo haipo, basi kutu inajikaza humo kama kabari. Utaiona kwa rangi ya kahawia kwenye nati na kwenye thredi zinazochomoza upande wa pili.

Sababu ya pili ni bolti ya chuma kukaa ndani ya alumini. Metali hizi mbili zikipata unyevu, hasa wenye chumvi, alumini inaliwa polepole na kuacha unga mweupe mgumu unaoziba thredi. Hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu kichwa kinaweza kuwa safi kabisa nje huku ndani kumeshagandana.

Ya tatu ni gundi ya thredi. Ile nyekundu hutengenezwa makusudi isiachie mpaka ipashwe joto la takriban nyuzi 250 za Selsiasi. Mafuta ya kupenya hayaifanyi chochote. Ukiona mabaki ya gundi kwenye bolti jirani uliyokwisha kuifungua, usiache gari usiku kucha ukisubiri mafuta yafanye kazi. Nenda moja kwa moja kwenye joto.

Na kuna bolti ambayo haijagoma hata kidogo, wewe ndiye unayeikaza. Kwenye mikono ya usukani, upande mmoja wa kirekebishi huwa na thredi za kushoto, zinazofunguka kwa kuzungusha kulia. Baadhi ya magari ya zamani yalikuwa na nati za kushoto kwenye tairi za upande wa kushoto. Angalia thredi zinazoonekana zinapanda kuelekea wapi kabla hujaongeza bomba.

Soketi ya pembe 6 au ya pembe 12?

Hapa sina kigugumizi: pembe 6. Soketi ya pembe 12 ni nzuri mahali pembamba pasipo na nafasi ya kuzungusha mpini, lakini inashika karibu na ncha za kichwa, na ncha ndizo zinazoliwa kwanza. Ya pembe 6 inasukuma kwenye ubapa. Bolti iliyo salama hutaona tofauti. Bolti yenye kutu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapata nafasi ya pili.

Spana ya mdomo wazi inashika pande mbili tu, na mdomo wake hupanuka ukivutwa kwa nguvu. Spana malaya ni mbaya zaidi, kwa kuwa taya lake hucheza hata ukilikaza vizuri. Zote mbili zina kazi zake, lakini bolti inayogoma haimo.

Saizi nayo iangaliwe kwa makini. Bolti ya M8, yaani yenye unene wa mm 8, kwenye gari la Kijapani mara nyingi ina kichwa cha mm 12, na ya M10 ina mm 14. Kwenye gari la Kizungu M8 huwa na mm 13, na M10 huwa na mm 16 au 17. Mtu mwenye seti isiyokamilika hushawishika kutumia 13 mahali pa 12, na milimita hiyo moja ndiyo inayozungusha kichwa kikawa duara. Piga kichwa brashi ya waya, ondoa tope na rangi, gonga soketi mpaka ikae chini kabisa. Kama ni bolti ya alenki (shimo la pembe sita) au ya Torx (shimo la umbo la nyota), chokonoa uchafu wote uliojaa ndani ya shimo kwa msumari mwembamba. Alenki iliyoingia nusu itakula pembe hata kama bolti haijashikwa sana.

Mafuta au moto

Hizi ndizo njia mbili zinazoivunja ile kabari ya kutu bila kutegemea misuli, na watu hubishana sana kuhusu ipi iliyo bora. Mimi naona kila moja ina mahali pake.

Mafuta ya kupenya ni membamba sana, yanatambaa kwenye mianya ambayo oili ya injini isingeingia. Faida yake kubwa ni kwamba hayakugharimu chochote yakishindwa, isipokuwa muda. Na muda wenyewe ndio watu wanaounyima. Dakika 5 hazitoshi. Mwagia jioni, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara kumi au ishirini kwa mapigo mafupi makavu, mwagia tena, lala. Asubuhi rudia. Mapigo ya nyundo yanatikisa kutu na kufungua nyufa ndogo ambazo mafuta yanazifuata. Ukimwagia bila kugonga, umefanya nusu ya kazi.

WD-40 ndiyo iliyo karibu kila nyumba, na inasaidia kiasi, ila kumbuka ilibuniwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma. Hata herufi za jina lake zinasema hivyo. Mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kwa kupenya kutu ni bora zaidi. Wapo wanaochanganya asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unapenya vizuri kweli, lakini vimiminika hivyo viwili vinatengana, hivyo utikise kila unapotaka kuutumia. Asetoni inababua rangi ya gari, inayeyusha baadhi ya plastiki na inashika moto haraka sana.

Udhaifu wa mafuta ni njia ya kuingilia. Bolti inayotokeza upande wa pili inakupa milango miwili. Bolti iliyozama ndani ya tundu lisilotoboka, na kichwa chake kimelalia washa, inafunika mlango wake wenyewe. Hapo unaweza kumwaga kopo zima nje huku thredi ziko kavu.

Joto halihitaji mlango. Chuma kinatanuka kwa takriban sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na alumini kwa takriban 23. Tarakimu hizo zinaonekana ndogo mpaka uzifanyie hesabu. Tundu la mm 10 ndani ya alumini, likipashwa nyuzi 200 zaidi, linapanuka kwa karibu mm 0.046, wakati bolti ya chuma iliyomo, hata ikipata joto lilelile, inanenepa kwa mm 0.024 tu. Tofauti hiyo inatosha kuvunja unga mweupe uliogandisha thredi. Ndiyo sababu kwa bolti ya chuma iliyomo kwenye alumini, mimi huchagua joto kabla ya mafuta.

Kwa nati ya chuma juu ya bolti ya chuma, pasha nati, si bolti, ili ya nje itanuke kabla ya ya ndani. Kama huwezi kufikia chochote ila kichwa, pasha kichwa hichohicho kisha acha kipoe kabisa. Bolti inavimba na kuibana kutu mpaka inasagika, halafu ikirudi unene wake inaacha nafasi. Mara nyingi duru mbili au tatu za kupasha na kupoza zinafanya kilichoshindikana kwa usiku wa mafuta. Ikiwa bado ina moto kiasi, igusishe mshumaa. Nta iliyoyeyuka inavutwa ndani ya thredi na kubaki humo kama kilainishi.

Lakini joto lina madhara, na sitayapunguza. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 na haibadiliki kuwa nyekundu kabla ya kuanguka, kwa hiyo macho yako hayatakuonya. Bushi za mpira, vifuniko vya boljointi, nyaya, mabomba ya petroli na ya breki, vyote viko karibu na bolti zinazogoma sana. Usipashe mwili wa shokapu wala kitu chochote chenye gesi iliyofungiwa, na usipashe rimu ikiwa tairi lina upepo. Usipulizie kisafishio cha breki kisha ukawasha moto: vile vyenye klorini vikiungua hutoa fosjini, gesi ileile ya sumu iliyotumika kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Bolti zilizopakwa zinki au kadimiamu nazo hutoa moshi wa kudhuru. Fanya kazi mahali penye hewa, na kizima moto kiwe mkononi.

Ukishaipasha bolti yenye namba ya uimara 8.8 au 10.9 kichwani mpaka ikawa nyekundu, usiirudishe kwenye gari. Ugumu wake ulitokana na kupashwa na kupozwa kwa kipimo kiwandani, na wewe umeshauharibu. Kwenye ekzosi huenda ikavumilia. Kwenye mikono ya tairi, usukani na breki, weka mpya.

Kipo pia kifaa cha kupasha kwa sumaku ya umeme, koili inayovishwa kwenye nati na kuifanya nyekundu kwa sekunde chache bila mwali wowote. Kwa mtu anayefanya kazi hizi mara moja kwa mwaka si lazima. Kwa mwenye gari lililokula kutu chini nzima, ningekinunua kabla ya impakti, ile mashine inayofungua bolti kwa mapigo.

Na usichanganye mafuta na moto kwa wakati mmoja. Kama umeshamwagia, futa, acha ikauke, kisha ndipo uwashe.

Mpini mrefu au impakti

Mpini mrefu una adabu moja nzuri: unahisi kinachotokea. Bolti inayokubali hutoa mlio mkali wa kukatika kwa kutu, halafu inazunguka kwa ugumu unaolingana. Bolti inayokufa huwa laini, inavutika kama mpira bila mlio. Ukihisi ulaini huo, simama hapohapo. Imeshaanza kujinyonga, na robo duara nyingine itaikata.

Sasa hesabu. Mpini wa sentimita 60 ukivutwa kwa nguvu ya Nyutoni 500, ambayo ni takriban uzito wa kilo 50, unatoa nguvu ya kuzungusha ya Nm (Nyutoni-mita) 300. Bolti ya M6 ya kawaida hukazwa kwa karibu Nm 10, ya M8 kwa karibu Nm 25, ya M10 kwa karibu Nm 50. Kwa M6 na M8 mpini mrefu ni kisu cha kuchinjia. Tumia racheti fupi, shika karibu na soketi, na kama haiachii kwa nguvu ya kifundo cha mkono, rudi kwenye mafuta na moto. Mpini mrefu ni wa M12 na kuendelea: nati za tairi, bolti za mikono ya chini, bolti za bano la kalipa.

Impakti inafanya kazi kwa namna nyingine. Badala ya msokoto mmoja mrefu, inatoa mapigo mengi mafupi makali, na kutu haipendi mapigo. Bolti inapata mtikisiko kabla haijapata muda wa kujinyonga, ndiyo maana bolti kubwa inayokatwa na mpini mrefu mara nyingi hutoka salama kwa impakti. Kasoro yake ni kwamba haikuambii kitu. Mkono wako hauhisi ule ulaini wa hatari, na kwa M6 kichwa kinaruka kabla hujaachia kitufe. Tumia soketi nyeusi zilizotengenezwa kwa impakti, kwani zile za kromi zinaweza kupasuka na kurusha vipande.

Ninavyochagua: bolti ya M12 na zaidi, impakti kwanza. M10, impakti kwa kasi ya chini kabisa, mapigo ya muda mfupi, mbele na nyuma. M8 na chini, mkono. Kwa yoyote ile, anza kwa kukaza kidogo sana kabla ya kufungua, maana kutu inavunjika kwa mwendo wowote. Ikishaanza kusogea, fungua robo duara, rudisha nusu yake, mafuta, fungua tena. Mtu mwenye haraka huifungua yote kwa mkupuo, kutu iliyosagika inajikusanya ndani ya thredi, na bolti iliyokuwa imekubali inagoma katikati.

Kuna kifaa kimoja kinachosahaulika, impakti ya mkono, bisibisi nene inayogongwa na nyundo na kujizungusha kidogo kila pigo. Kwa skrubu zinazoshikilia diski ya breki kwenye habu hakuna kinachoishinda. Nyundo inasukuma ncha ndani ya msalaba wa skrubu wakati uleule inapozunguka, kwa hiyo haina nafasi ya kuruka.

Jambo la uhai: usivute mpini mrefu ukiwa chini ya gari lililo juu ya jeki pekee. Nguvu ya kufungua bolti inatosha kuliangusha. Weka stendi imara, zuia tairi zilizobaki chini, na nati za tairi zilegeze gari likiwa bado limesimama ardhini. Miwani ya macho isikose wakati wote.

Kichwa kimekuwa duara

Hapa watu wengi hukimbilia koleo la kujifunga. Ni chombo kizuri; William Petersen, mhunzi wa Nebraska, alilipatia wenzo wake wa kufunga mwaka 1924, na tangu hapo limeokoa bolti nyingi. Lakini kwa bolti iliyoshikwa sana na kutu, koleo lina kishiko kidogo, na kila likiteleza linanyoa chuma. Mimi nalitumia kwa M6 zilizolegea nusu na kwa vichwa virefu ambavyo taya linaweza kuvishika pande zote. Nje ya hapo linanipotezea kichwa.

Kilicho bora kwa mtu asiye na kitu maalumu ni soketi ndogo kidogo iliyogongwa kwa nyundo. Kichwa cha 13 kilicholika kinaweza kupokea 12 ya pembe 6, au soketi ya inchi nusu, ambayo ni mm 12.7. Cha 10 kinapokea inchi 3/8, yaani mm 9.5. Gonga mpaka ikae kweli. Ile hatua ya kugonga inasaidia mara mbili, maana inatikisa kutu pia. Kwa shimo la alenki lililolika, gonga ncha ya Torx iliyo kubwa kidogo. Meno yake sita yanachimba pembe mpya. Hesabu kwamba soketi au ncha hiyo unaweza kuipoteza, kwa hiyo usitumie ile unayoipenda.

Soketi za kung'atia, zile zenye meno ya mzunguko ndani, zinafanya kazi hiyohiyo kwa uhakika zaidi. Kadiri unavyofungua ndivyo zinavyouma. Kama unafanya matengenezo nyumbani zaidi ya mara mbili kwa mwaka, hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho ningekuambia ukiweke kwenye sanduku, kabla ya mashine yoyote. Zinahitaji kimo cha kichwa tu. Kichwa kikiwa kifupi sana au kimezama, hazina pa kuuma.

Tupa la kusawazisha pande mbili za kichwa, ili 13 iwe 12, ni kazi ya subira, lakini inafaa pale ambapo moto hauruhusiwi na nyundo haifiki. Tindo na nyundo, kwa kuupiga ukingo wa nati kuelekea kushoto, ni njia ya kale na bado ina nguvu za ajabu kwenye nati kubwa. Itakuharibia kichwa kabisa, kwa hiyo iwe ya mwisho.

Kama ni bolti na nati zinazopita kwenye kibano na kutokea upande wa pili, kwa mfano kwenye ekzosi, usihangaike. Kata. Grinda, msumeno wa chuma au kipasua nati vinamaliza kwa dakika chache, na bolti mpya na nati mpya zinawekwa. Nimeona watu wakipoteza siku nzima wakiiokoa bolti ambayo isingerudi kwenye gari hata hivyo.

Kichwa kimekatika

Hapa nina maoni makali, kwa sababu nimeshayalipia.

Nilikuwa nafungua stadi (bolti isiyo na kichwa) ya M8 ya manifoldi ya ekzosi, ndani ya silinda hedi ya alumini. Ilikatika sawasawa na uso wa hedi. Nikatoboa, nikaingiza ekstrakta ya mzunguko, nikaikaza taratibu, na nilipoona haisogei nikaongeza mpini. Ilivunjika ndani ikiwa imezama. Biti zangu zote ziliteleza juu yake zikawa butu. Ilibidi hedi yote ing'olewe na kupelekwa kwenye mashine inayochoma chuma kwa cheche za umeme ili kuitoa. Stadi moja iligeuka kuwa kazi ya wiki nzima.

Baadaye nilielewa kosa, na ndilo ninalotaka ulione kabla hujaligusa. Stadi ile ilikuwa na unene wa mm 8 na ilikatika kwa sababu thredi zake zilishikwa zaidi ya nguvu yake. Ekstrakta inayoingia kwenye tundu la mm 4 ni nyembamba kuliko bolti iliyoshindwa, nayo ni ngumu kiasi cha kuwa dhaifu kama kioo. Zaidi ya hapo, ile ya umbo la mkonga inajikaza kama kabari na kutanua kuta za bolti, hivyo inaibana zaidi kwenye tundu. Kwa hiyo ekstrakta ni ya bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi au kwa kugongwa, ambayo thredi zake ziko huru. Bolti iliyokatika kwa sababu ya kutu, iache.

Kwa bolti hiyo ya kutu, chaguo langu la kwanza ni kuchomelea nati juu ya kisiki. Weka nati yenye tundu linalolingana juu yake, chomelea kwa ndani mpaka ijae, acha rangi nyekundu iishe, kisha fungua kwa mwendo wa mbele na nyuma. Unapata kichwa kipya na joto kali katikati ya bolti kwa wakati mmoja, na kama hedi ni ya alumini, uchomeleaji wa chuma haushikamani nayo. Isiposhika mara ya kwanza, rudia. Mara ya tatu au ya nne hufanikiwa. Chomoa betri kabla, na weka kibano cha ardhi cha mashine ya kuchomelea karibu na kazi. Kama huna mashine, huu ndio wakati wa kumwita fundi mwenye nayo, kabla ya kutoboa chochote. Kisiki kizima ni rahisi kwake kuliko kisiki chenye tundu lililokwenda upande.

Chaguo la pili ni biti za drili zinazokata kwa kuzunguka kushoto. Piga panchi katikati kabisa ya kisiki, na hapo chukua muda wako wote, kwa sababu drili itafuata alama hiyo. Anza na biti ndogo ya mm 3, endelea polepole na oili. Joto na msuguano wa biti vinaelekea upande wa kufungua, na mara nyingine kisiki kinatoka chenyewe kikiwa kimeng'ang'ania biti. Kisipotoka hujapoteza kitu, umeshatoboa tundu ulilolihitaji kwa hatua inayofuata.

Hatua hiyo ni kutoboa mpaka karibu na thredi na kuzisafisha kwa tepu, kifaa cha kukatia thredi: mm 6.8 kwa M8 yenye thredi zinazopishana mm 1.25, mm 5 kwa M6, mm 8.5 kwa M10 yenye thredi zinazopishana mm 1.5. Tundu likiwa limekwenda upande au thredi zimelika, tanua na uweke kiota cha waya chenye thredi mpya. Kwenye alumini kiota kikiwekwa vizuri kinashika sawa na thredi za mwanzo au zaidi. Wapo wanaokichukulia kama kushindwa. Mimi nakiona kuwa matengenezo kamili.

Nipeli ya breki na wenzake

Nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa ina tundu katikati, kwa hiyo inakatika kwa urahisi wa kusikitisha. Soketi ya pembe 6 peke yake, mafuta tangu jana, na mgongo wa biti ya drili unaokaa vizuri ndani ya tundu ili kuta zisijikunje. Nati za mabomba ya breki zifungue kwa spana ya neli inayoishika nati karibu pande zote.

Sensa ya oksijeni inatoka vizuri ekzosi ikiwa ya moto kiasi. Plagi kwenye hedi ya alumini ni kinyume chake: injini ipoe kwanza, la sivyo zinaweza kutoka na thredi za hedi.

Wakati wa kurudisha, safisha thredi kwa brashi na tepu, na paka mafuta ya shaba kidogo kwenye bolti za ekzosi na mahali chuma kinapokutana na alumini. Thredi zilizopakwa zinateleza, hivyo kipimo kilekile cha spana ya Nm kinabana bolti zaidi ya ilivyokusudiwa. Punguza kipimo kama kitabu cha gari hakijasema vinginevyo. Nati za tairi mimi huziacha kavu, na kwenye diski na pedi za breki mafuta hayo yasifike kabisa.